Mfereji wa Nyalumbu

Kwamboka alikuwa amemhudumia Bi. Parkes mwezi mmoja tu siku alipoponzwa na mdomo wake mwenyewe. Alikuwa jikoni kwa yule bibi, mtaa wa Moseley, akikoroga uji wa shayiri, simu ameibana kati ya sikio na bega, akipiga soga na Jeannine, Mkongo waliyefanya naye kazi ya kutunza wazee majumbani.

"Huyu nyanya wangu wa asubuhi ana mdomo, wacha tu," alisema. "Uji ukiwa mzito, kelele. Ukiwa mwepesi, kelele. Sijui marehemu mumewe alikuwa akila nini."

"Alikuwa akila uji mzito," sauti ikajibu kutoka sebuleni, kwa Kiswahili. "Na mimi si nyanya. Nyanya ni mboga."

Mwiko ukamtoka Kwamboka mkononi. Alikata simu bila kuaga, akachungulia mlangoni. Kwenye kiti chake karibu na dirisha, blanketi magotini, Bi. Parkes alikuwa amekaa kama kawaida, nywele nyeupe zimefungwa nyuma, macho yenye ukungu yameelekea bustanini. Tofauti ni kwamba alikuwa akicheka hadi mabega yanatikisika.

"Nisamehe," Kwamboka alisema. "Kwetu Kenya nyanya ni mama ya mama yako. Si matusi."

"Kwetu tulisema bibi."

"Na kwetu bibi ni mke wa mtu."

"Nimekuwa mke wa mtu miaka hamsini na miwili. Halina kosa. Niite Bibi."

Ndivyo urafiki wao ulivyoanza. Kwamboka alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Nyamira, mtu wa kazi na wa maneno machache yenye chumvi. Alikaa Perry Barr, na kila asubuhi alipanda mabasi mawili kuja Moseley kumsaidia bibi kuoga, kumvisha zile soksi za kubana miguu, kumpa dawa na uji. Alidhani anamtunza Mwingereza. Kumbe jina la Parkes lilikuwa la mume. Mwenyewe aliitwa Hedwig, kwa kifupi Hedi, na alizaliwa mwaka 1933 katika vilima vya Mufindi, kusini mwa Tanganyika, kwenye kijiji kidogo kilichoanzishwa na Wajerumani. Kiswahili alikifahamu kabla hajafahamu kufunga kamba za viatu.

Kijiji chenyewe kiliitwa Neu-Rosental, yaani Rosental Mpya. Familia kumi na moja za wakulima zilitoka kusini mwa Ujerumani mwaka 1926, zikashuka melini Dar es Salaam, zikapanda treni hadi Dodoma, kisha malori, kisha miguu. Walijenga nyumba za mawe, shule ya chumba kimoja, na kanisa lenye kengele iliyopandishwa mlimani kwa magogo siku nne. Walipanda kahawa, baridi ya alfajiri ikaiunguza. Wakapanda tena, ikaunguzwa tena. Ndipo wakashika viazi na ngano. Mwaka 1939 vita vilipoanza, wanaume wote walikusanywa kwa siku moja wakapelekwa kizuizini. Wanawake na watoto wakafuata baadaye, wakaishi kambini miaka mingi, na mwaka 1947 wakatiwa melini kurudishwa Ujerumani. Hedi alikuwa na miaka kumi na minne. Miaka minane baadaye alikuja Birmingham kuwa muuguzi, akaolewa, akabaki.

Mwezi wa Novemba ilifika barua. Ilitoka kwa Bwana Krautter, katibu wa chama cha watoto na wajukuu wa kijiji kile, huko Ujerumani. Mwaka unaokuja, aliandika, Rosental inatimiza miaka mia tangu kuanzishwa, na chama kinataka kutoa kitabu cha historia. Wazee wote wamekwisha kufa isipokuwa Bibi Hedwig. Je, atakubali kuiandika?

"Nitakubali," bibi alimwambia Kwamboka, "lakini macho hayaandiki tena. Wewe utaandika."

"Mimi? Kijerumani sijui hata salamu."

"Nani kasema Kijerumani? Kijerumani nyumbani kwetu kilikuwa lugha ya kusali na kukaripiwa. Kiingereza nilikuja nacho ukubwani. Mambo yenyewe yalinitokea kwa Kiswahili. Nitakusimulia, utaandika, halafu Ijumaa utanisomea sentensi moja moja, nami nitamtafsiria Krautter kwenye simu."

Kwamboka alikuwa na mapumziko Alhamisi, na Alhamisi zake zilikuwa za kulala. Lakini alinunua daftari.

Wiki za kwanza zilikwenda vizuri. Nje mvua ya Birmingham, ndani chai na hadithi. Bibi alikuwa na daftari la baba yake lenye jalada la ngozi, kumbukumbu za kijiji tangu siku ya kwanza. Kusoma hakuweza tena, lakini aliliweka mapajani na kulisema kwa moyo kama mtu asemaye sala. Na alisema mengine yasiyokuwemo: kwamba baba yake, Gottlob, alilia kahawa ilipokufa, kwamba mwaka 1936 bendera ya Wanazi, ile ya msalaba uliopinda, ilipandishwa shuleni, na baba huyohuyo akainyooshea mkono. "Andika hilo pia," alisema. "Wenzangu hawatalipenda. Andika."

Ubishi ulianza walipofika kwenye sura ya ardhi.

"'Tuliikuta nchi tupu,'" bibi alisema, kidole kikienda juu ya ukurasa asiouona, "'haina mtu, nzuri kama siku ilipoumbwa.'"

Kwamboka aliandika, kisha akainua kalamu. "Bibi, wiki jana ulisema siku ya kufika walinunua mahindi njiani, mwendo wa nusu saa tu kabla ya kufika. Mahindi ya nani?"

"Ya watu wa kule."

"Watu wa kule wapi, kama nchi ni tupu?"

"Wewe andika ninavyosema."

Akaandika. Yeye ni nani, alijiambia, hadi amrekebishe mtu utoto wake? Wakaendelea. Mwaka 1927, kwa mujibu wa Gottlob, wanaume wa Rosental walichimba mfereji wa kilomita tatu kuleta maji kutoka chemchemi ya juu hadi kanisani, na bila mfereji huo kijiji kisingeishi. Kwamboka akaandika na hilo.

Alhamisi iliyofuata bibi alikuwa na furaha. Alitaka kusimulia habari za Mama Twilumba, mwanamke wa Kihehe aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwao na kumlea tangu alipozaliwa. Kila mwaka kabla ya mvua, alisema, wanawake wa upande wa pili wa mto walikuja na majembe kusafisha mfereji, wakiimba. Mama Twilumba alimchukua na kwenda naye. Walipanda hadi kwenye chemchemi, na pale mzee mmoja alimwaga pombe ya ulezi ardhini, akaita majina, jina baada ya jina, kisha maji yakafunguliwa.

"Nami nikarudi nyumbani nikaigiza yale," bibi alisema huku akicheka, "nikamwaga maziwa sakafuni, nikiita majina ya ng'ombe wetu. Baba aliponiuliza nimejifunza wapi nikamwambia. Nikala fimbo mbili. Na mwaka uliofuata akapiga marufuku pombe kwenye chemchemi. Wageni wangu wote wameisikia hadithi hii. Lazima wacheke."

Kwamboka hakucheka. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Bibi, yule mzee alikuwa akiita majina ya nani?"

"Ya babu zao waliokufa."

"Kwenye mfereji uliochimbwa na baba yako?"

Bibi alilifunga daftari la baba yake.

"Mimi ni Mkristo," Kwamboka alisema polepole, "lakini nimekulia kwa bibi yangu mzaa baba, na yeye mambo hayo aliyajua. Mtu hamwiti babu yake kwenye kisima cha jirani. Huita pale babu alipotia jembe."

Uso wa yule mwanamke mzee ulijifunga kama mlango. "Nenda nyumbani," alisema. "Leo imetosha."

Kwamboka alikwenda. Siku tatu alikuja akafanya kazi yake, na daftari halikutajwa. Alijua bibi akipiga simu ofisini na kusema huyu mfanyakazi ananisumbua, atahamishiwa kwa mzee mwingine, basi. Jumapili kanisani hakusikia hata mahubiri. Jumatatu alipoingia, bibi hakuitikia salamu. Alinyoosha mguu, akavishwa soksi, akanyoosha wa pili. Ndipo akasema:

"Miaka themanini nimeisimulia hadithi ya ile pombe kama kichekesho. Nimewasimulia wauguzi, majirani, mapadri wawili. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ulichoniuliza."

"Samahani, Bibi. Sikutaka kukuumiza."

"Usiniombe samahani. Nitafutie mtu wa kule."

Rahisi kusema. Birmingham ina Waswahili wa kila aina, lakini Mufindi ni mbali na kila mahali. Kwamboka alirekodi ujumbe wa sauti: anayetoka Mufindi, au anayemjua atokaye Mufindi, tafadhali. Jeannine akausambaza kwa Wakongo wake, mtu kanisani akausambaza kwa Watanzania, na wiki tatu zikapita bila kitu ila watu waliouliza kama kuna harusi. Mwishowe jibu lilitoka Sparkbrook. Mulki, Msomali wa Garissa mwenye duka la vitambaa Ladypool Road, alikuwa na mteja kutoka Iringa, mke wa dereva wa basi. Jioni hiyohiyo dereva akapiga simu.

"Dada, naitwa Festo Kihwele. Mimi huo Rosental sijawahi kuusikia. Lakini kama mnauliza mahali panapoitwa Kengeleni, kwenye kanisa la mawe, shangazi yangu ameolewa pale."

Alikuja Alhamisi ya katikati ya Februari, bado amevaa sare ya kazi, mtu mfupi mwenye tabasamu la aibu. Alipoingia sebuleni aliinama mbele ya kile kiti. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," bibi alisema. "Toka niondoke kule sijaamkiwa hivyo."

Kwamboka akaona haya, maana kwao Nyamira shikamoo si desturi, na miezi yote hiyo alikuwa akisema habari ya asubuhi tu.

Festo aliegemeza simu yake kwenye birika la chai na kumpigia shangazi yake, Bi. Agnesi. Picha ilitetemeka, ikatulia: mwanamke mzee mwenye kitambaa cha bluu kichwani, amekaa nje ya nyumba, kuku wakipita nyuma yake. Bibi Hedi hakuweza kuiona vizuri. Aliinamisha sikio.

Walianza kwa salamu, na salamu zikachukua robo saa. Kisha Bi. Agnesi akasema, "Kwa hiyo wewe ni mtoto wa Gotolopu. Baba yako aliacha mashine ya kusaga, akasema atarudi kuichukua. Je, mnaihitaji?"

Bibi Hedi alicheka hadi akakohoa. "Bado inasaga?"

"Injini ilikufa zamani. Lile jiwe tunanolea visu."

Kwamboka alifungua daftari. Bibi aliuliza alichotaka kuuliza, bila kuzunguka. Mfereji ulichimbwa na nani?

"Ule? Ni wa Nyalumbu," Bi. Agnesi alisema, kama mtu aliyeulizwa jua hutoka wapi. "Yeye na ndugu zake, kabla ya Wajerumani wowote. Hapo pote paliitwa Kwa Nyalumbu. Mama yangu alizaliwa hapo. Maji yalikuwa ya vinyungu, zile bustani zetu za bondeni. Siku moja akaja bwana wa serikali na karatasi, akawaambia wenye nyumba, ishirini na sita, wahamie ng'ambo ya mto, kwenye mteremko wa mawe. Walihama wakiwa na mahindi shambani bado. Baba zenu walipofika waliupanua mfereji, hilo ni kweli. Waliuongeza hadi kanisani."

"Kwa hiyo nchi haikuwa tupu," bibi alisema.

"Ilikuwa imetolewa watu wiki tatu tu kabla ya baba zenu kufika."

Bibi Hedi alishika daftari la baba yake kwa mikono miwili. Festo alitazama viatu vyake.

"Na Mama Twilumba?" bibi aliuliza mwishowe. "Alinilea. Alikuwa mtu wa wapi?"

"Twilumba alikuwa binti wa Nyalumbu mwenyewe."

Basi miaka yote ile, Kwamboka aliwaza, huyo mwanamke alikuwa akifagia nyumba iliyosimama kwenye kiwanja cha baba yake, na kumbeba mgongoni mtoto wa mwenye nyumba. Alimwangalia bibi. Machozi yalikuwa yakimtiririka bila sauti, naye hakuyafuta.

"Alinichukia?" aliuliza.

Bi. Agnesi alifikiri. Hakuwa mtu wa kubembeleza. "Twilumba hakumpenda baba yako. Wewe, sijui. Alifariki mwaka themanini na moja. Lakini akipanda maharage alihesabu mbegu kwa lugha yenu: ains, tswai, drai. Tulikuwa tukimcheka. Wajukuu wake mpaka leo huhesabu hivyo, hawajui hata ni lugha gani. Wanadhani ni Kihehe cha zamani."

Bibi alijaribu kucheka na kulia kwa pamoja, akashindwa vyote viwili, akaomba chai.

Wiki hiyo hawakungoja Alhamisi. Kila asubuhi baada ya uji bibi alisema, "Daftari," na Kwamboka akaongeza nusu saa yake mwenyewe. Bi. Agnesi alipigiwa simu tena na tena. Alileta wazee wengine, wakabishana mbele ya simu kuhusu jina la kaka wa tatu wa Nyalumbu, wakapatana. Bibi hakufuta maneno ya baba yake. Aliyaacha kama yalivyo, nchi tupu na yote, kisha chini yake akaweka ya Bi. Agnesi. Sura ya kwanza ya kitabu ikawa na kichwa "Kwa Nyalumbu", na Wajerumani wakaingia kwenye sura ya pili.

Bwana Krautter aliipokea kwenye simu, Ijumaa mbili. Kisha ikaja barua. Kamati inamshukuru sana Bibi Hedwig. Sura hiyo ina thamani kubwa. Ila kwa kuwa kitabu ni cha sherehe, wanaomba iwekwe mwishoni, kama nyongeza, kwa herufi ndogo kidogo.

Bibi aliomba asomewe na jirani ajuaye Kijerumani mara mbili ili awe na hakika. Halafu akamwambia Kwamboka apige namba ya Ujerumani. Kijerumani alichosema Kwamboka hakukielewa, lakini alielewa mgongo wa yule bibi, ulionyooka kama wa msichana. Alipokata simu alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia mimi ndiye mtoto wa mwisho wa Rosental aliye hai, kwa hiyo nikiitisha mkutano wa watoto wa Rosental, kura ni moja, na imeshapigwa. Ama kitabu kianze kwa Nyalumbu, ama kiandikwe na mwingine aliyekuwepo."

Krautter alikaa kimya siku kumi na moja. Kisha akapiga mwenyewe. Kamati imegawanyika, alisema, lakini binti yake, mwalimu wa historia, ameisoma sura ile kwa wajumbe kwa sauti, na waliokubali wamekuwa wengi kuliko waliokataa. Kitabu kitaanza kama alivyotaka.

Hicho kilikuwa cha Kijerumani. Cha Kiswahili walikichapisha wenyewe, nakala mia mbili, kwa Gurmit, Singasinga mwenye duka la uchapaji Stratford Road, aliyekagua kila ukurasa asioweza kuusoma na kugundua kurasa mbili zimegeuka. Kwenye jalada kulikuwa na majina matatu: Hedwig Parkes, Agnesi Kihwele, na Kwamboka Moraa. La tatu Kwamboka alilikataa.

"Mimi niliandika tu."

"Wewe uliuliza," bibi alisema. "Baba yangu pia aliandika tu."

Jumamosi moja ya Mei walikutana kwenye ukumbi wa kanisa pale Moseley. Jeannine alipika samaki na wali, Mulki akaleta sambusa, Festo alikuja na mkewe na nusu ya Watanzania wa mji. Bwana Krautter alisafiri na binti yake. Kumbe alikuwa mzee mpole mwenye wasiwasi, aliyekula sambusa saba. Kwamboka alisoma sura ya kwanza, na alipofika kwenye majina ya Nyalumbu na ndugu zake, Festo akasimama. Watu wote wakasimama. Bibi Hedi hakuweza, akainua mkono.

Kengeleni vitakwenda vitabu mia moja, kwa shule na kwa kila nyumba ya ukoo wa Nyalumbu. Bi. Agnesi alishatuma ujumbe: ameambiwa kitabu kina makosa mawili, naye anayangojea kwa hamu.

Jua lilikuwa bado juu Kwamboka alipopanda basi la kurudi Perry Barr, miguu inauma, sahani ya wali wa Jeannine mapajani. Alikuwa ametosheka kwa namna ambayo hakuwa ameizoea. Akampigia mama yake Nyamira.

"Mama, hapo kwetu, kabla babu hajafika, palikuwa pa nani?"

"Ni nani anauliza?" mama yake alisema, kwa sauti ya mtu aliyeshtuka.

"Ninauliza mimi."

Kikasikika kiti kikivutwa.

"Ngoja nikae," mama yake akasema. "Si hadithi fupi."

Basi likapita uwanja wa michezo, likakaribia kituo chake, na Kwamboka akaliacha likipite bila kushuka.